Kwa nini efekti unazozisikia hazimo kwenye faili, na namna ya kuziingiza

Wenye maduka ya kurushia nyimbo, kuanzia Darajani hadi Chake Chake, wanalijua vizuri lalamiko hili. Mtu ameshinda na kompyuta akiupanga wimbo: kaongeza besi, kapunguza ukali wa sauti za juu, kaushusha ufunguo ili mwimbaji wake aufikie, katia na mwangwi kidogo. Kwenye spika zake unatoka vizuri. Anaukopi kwenye flashi, anaupeleka ukumbini, na huko unapiga vilevile kama ulivyokuwa siku ya kwanza. Flashi haina kosa, wala fundi wa ukumbi. Kilichokopiwa ni faili la asili, na faili hilo halikuguswa hata kidogo.

Programu ya kuchezea muziki haiandiki kitu ndani ya faili wakati inalicheza. Chujio lililofungwa mferejini halibadilishi maji yaliyomo tangini, na efekti ni hivyo hivyo: zinafanya kazi pale sauti inapopita, basi. Programu kwanza hulifumua faili la MP3 au FLAC likawa mfululizo wa namba, 44,100 kwa sekunde kwa kila upande ikiwa wimbo una kiwango cha CD. Namba hizo hupitishwa kwenye efekti moja baada ya nyengine, kisha kwenye volume ya programu. Halafu Windows huzichanganya na sauti za programu nyengine zote zilizo wazi, ndipo zinapofika kwenye kadi ya sauti na kutoka kwenye spika.

Kwa hiyo kazi nzima ni kuchagua pa kuchotea. Ukikopi faili, umechota kabla ya efekti. Ukiiambia programu yenyewe iandike sauti baada ya efekti, umechota mahali pazuri kuliko pote, kwa sababu hakuna kitu cha nje kilichoweza kuingia. Ukidaka sauti baada ya Windows kuichanganya, utapata efekti zako pamoja na chochote kingine kilicholia. Ama kuweka simu mbele ya spika na kurekodi, hilo tuliache. Feni ya chumbani nayo itaimba.

Kuandika kwa kutumia programu yenyewe

Kwa kazi hii foobar2000 ndiyo chaguo la kwanza kwa mwenye Windows. Ni ya bure, haili nguvu ya kompyuta, na mtungaji wake, Peter Pawłowski, alitokea Nullsoft, kampuni iliyotengeneza Winamp. Chagua nyimbo, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye Convert, kisha bofya zile nukta tatu za kwenye menyu hiyo. Litafunguka dirisha la Converter Setup lenye sehemu nne: Output format ni aina ya faili, Destination ni folda la kuhifadhia, Processing ni efekti, na Other ni mambo madogo madogo.

Wengi hujaza mbili za kwanza na kubofya Convert, wakiamini kwamba efekti walizokwisha kuziwasha zitaingia zenyewe. Haziingii. Orodha ya efekti za kusikilizia, ile ya Preferences, Playback, DSP Manager, ni orodha mbali; na orodha ya Processing ni mbali. Ya pili huwa tupu mpaka uijaze mwenyewe. Njia isiyochosha ni kupanga efekti zako kwenye DSP Manager huku unasikiliza, ukazihifadhi zote pamoja kwa jina, mathalan «ukumbi», kisha ukaingia Processing na kuita jina hilo hilo. Hapo unachokisikia na kinachoandikwa vinatoka kwenye mipangilio mimoja.

Mpangilio wa efekti una maana. Ekwalaiza itangulie, ifuate ya kubadilisha ufunguo au mwendo, kisha mwangwi, na mwisho kabisa Advanced Limiter, kidhibiti cha kubana vilele vya sauti visipite ukomo. Kidhibiti hicho kikikaa juu ya orodha hakitakusaidia kitu, maana efekti zinazofuata zinaweza kuinyanyua sauti tena baada ya yeye kuishusha.

Ekwalaiza ya foobar2000 ina vitelezi 18, kuanzia 55 Hz hadi 20 kHz. Efekti za mwangwi, ufunguo na mwendo haziji na programu. Zimo kwenye kifurushi kiitwacho Effect DSP kinachopakiwa pembeni. Humo kuna vitu vitatu vinavyofanana majina na kuchanganya watu. Pitch hubadilisha ufunguo bila kugusa mwendo. Tempo hubadilisha mwendo bila kugusa ufunguo. Playback rate hubadilisha vyote viwili kwa pamoja, kama kaseti inayozunguka polepole.

Tuseme wimbo wa taarabu una dakika 12 na mwimbaji anautaka chini kwa nusu toni mbili. Kila nusu toni ni tofauti ya karibu asilimia 6 katika idadi ya mitetemo, kwa hiyo mbili zinakupa kama asilimia 89 ya sauti ya asili. Ukitumia Pitch, wimbo unabaki dakika 12. Ukikosea ukatumia Playback rate kufika ufunguo huo huo, utakuwa na dakika 13 na nusu hivi, na wapiga dumbaki watakuuliza umeufanya nini. Zile robo toni za maqam, ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, hazivurugiki, kwa sababu noti zote hushuka kwa uwiano mmoja. Playback rate nayo ina pahali pake: kanda ya zamani iliyorekodiwa kwenye deki inayokimbia imeharibika ufunguo na mwendo kwa pamoja, na dawa yake ni kurudisha vyote viwili kwa kitelezi kimoja.

Kwa anayejifunza kipande cha ganuni au fidla, Tempo ya asilimia 85 inatosha kusikia vidole vinavyokwenda. Ukishuka mno, ngoma ndizo zinazoanza kuharibika. Programu hurefusha wimbo kwa kurudia vijipande vidogo vya sauti na kuviunganisha. Uzi wa fidla unaovutwa unastahamili jambo hilo, lakini kishindo kifupi cha dumbaki huweza kuangukia kwenye vijipande viwili na kusikika mara mbili.

Jambo moja la kuangalia kwenye mwangwi: wimbo ukiishia ghafla, baadhi ya efekti hukatwa mkia pale pale faili linapomalizika. Ongeza sekunde 3 hadi 5 za ukimya mwishoni mwa wimbo kwenye Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, kwa Generate kisha Silence, kabla ya kuupitisha kwenye efekti.

Ilisikika safi, kwenye faili imepasuka

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na sababu yake inastahili kuelezwa taratibu.

Sauti ya biti 16, ile ya kiwango cha CD, huhifadhiwa kwa namba zisizozidi 32,767. Juu ya hapo hakuna nafasi. Nyimbo za miaka hii hutoka studio zikiwa tayari zimejazwa mpaka karibu na ukomo huo. Sasa wewe umeongeza besi kwa desibeli 6, na desibeli 6 ni karibu mara mbili. Namba iliyokuwa 20,000 inataka kuwa 40,000. Faili halina pa kuiweka, linaandika 32,767. Na inayofuata hivyo hivyo, na inayofuata. Wimbi lililokuwa na kilele cha duara linakuwa na kichwa bapa kama lililokatwa kwa msumeno, na sikio linausikia ubapa huo kama mkwaruzo. Kikishakatwa kilele hakirudi. Ukipunguza volume baadaye unapata mkwaruzo mdogo, lakini ni mkwaruzo ule ule.

Mbona basi kwenye kompyuta haikusikika? Kwa sababu tatu, na kwa kawaida zote zipo kwa pamoja. Kwanza, volume ya programu ilikuwa nusu. Ndani ya programu namba hukokotolewa kwa mfumo wa desimali wenye nafasi tele, kwa hiyo 40,000 ikishushwa na volume ikawa 20,000 inatoka nzima. Converter haiangalii volume yako, inaandika ile 40,000. Pili, tangu Vista Windows ina kidhibiti chake kinachobana vilele vinavyozidi kabla havijafika kwenye kadi ya sauti, nacho hufanya kazi kimya kimya bila kukutaarifu. Tatu, spika ndogo za kompyuta haziwezi kutoa sauti ya 55 Hz, kwa hiyo uliongeza besi usiyoisikia, ukaongeza tena, mpaka ilipokutana na sabufa za ukumbini.

Dawa ni kushusha kabla ya kupandisha. Angalia kitelezi kilichopanda zaidi. Kama ni +6, shusha vyote kwa 6, ili cha juu kabisa kikae kwenye sifuri na vyengine viwe chini yake. Umbo la sauti ni lile lile, nafasi imepatikana. Ekwalaiza ya foobar2000 ina kitufe cha Auto level kinachofanya hesabu hiyo yenyewe. Wimbo utatoka mdogo kidogo, na hilo si tatizo. Fundi wa ukumbi ana kitelezi cha kuupandisha. Mwangwi nao huongeza sauti, kwa hiyo Advanced Limiter ibaki mwisho wa orodha kama mlinzi. Isitumike kama mfanyakazi: ukiiachia ibane desibeli 6 wimbo mzima, besi itaupumulisha muziki wote, sauti ya mwimbaji ikizama kila ngoma inapopigwa.

Ukimaliza, pima. Bofya kulia faili jipya la WAV, ingia ReplayGain, lipime, kisha soma Track Peak, yaani kilele cha juu kabisa cha wimbo. Ikisoma 1.000000 au 0.99997, wimbo umegonga dari na ni vyema kulirudia zoezi kwa kushusha zaidi. Ikisoma 0.89 au 0.95, uko salama. Mwenye wasiwasi anaweza kutoa WAV ya biti 32 ya desimali, ambayo huhifadhi hata namba zilizopita dari, akaishusha kwenye Audacity kwa Amplify, ndipo akaigeuza kuwa biti 16.

Winamp, VLC na mstari mmoja wa amri

Winamp, iliyotoka mwaka 1997, bado imo kwenye kompyuta nyingi za zamani, na ina njia yake nzuri. Bonyeza Ctrl na P, nenda Plug-ins, kisha Output, chagua Nullsoft Disk Writer, ingia Configure na uonyeshe folda. Sasa ukibonyeza play hutasikia kitu. Saa ya wimbo itakimbia mbio, na faili la WAV lenye ekwalaiza na efekti zako litakuwa linaandikwa. Zima Repeat kabla ya kuanza. Na ukimaliza rudisha DirectSound, njia ya kawaida ya kupeleka sauti kwenye spika, maana kesho yake mtu atafungua Winamp, ataona nyimbo zinapita kwa sekunde chache bila sauti, ataamua kadi ya sauti imekufa, na huku diski inajaa.

VLC ndiyo inayowadanganya wengi. Ina dirisha zuri la efekti, Ctrl na E, na ina Convert/Save, Ctrl na R. Viwili hivyo havizungumzi. Efekti za dirisha lile ni za kusikilizia tu; faili linalotoka Convert halina hata moja. Kuna sehemu ya Filters ndani ya wasifu wa kugeuzia, lakini huoni vitelezi wala husikii unachokifanya. Kwa kazi hii, iacheni VLC.

Mwenye nyimbo nyingi zinazotaka mabadiliko yale yale, na asiyeogopa kuandika amri, atumie ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri za maandishi:

ffmpeg -i wimbo.flac -af "volume=-6dB,bass=g=6:f=80,atempo=0.9" -c:a pcm_s16le wimbo-ukumbi.wav

Amri hiyo inashusha sauti yote kwa desibeli 6, inaongeza besi ya chini ya 80 Hz kwa 6, inapunguza mwendo hadi asilimia 90, na kuandika WAV. Mnaona volume imetangulia besi, kwa sababu ile ile iliyoelezwa juu.

Kudaka kinachotoka

Kuna programu zisizo na Converter wala Disk Writer, na kuna efekti zinazokaa nje ya programu, kwenye dreva ya kadi ya sauti. Hapo huna budi kudaka. Fungua Audacity, kwenye Audio Setup weka Host iwe Windows WASAPI, na kwenye kifaa cha kurekodia chagua jina la spika zako lenye neno loopback mwishoni. Bonyeza kurekodi, ndipo ucheze wimbo. Usishangae mstari usipokwenda: njia hii hulala mpaka sauti ianze kutoka. Kwenye Linux chaguo hilo huitwa Monitor na unaliweka kwa pavucontrol, kichupo cha Recording. Kwenye Mac Audacity haina chaguo kama hilo. Watu hutumia BlackHole, kadi ya sauti ya kubuni.

Kudaka kunakwenda kwa mwendo wa wimbo wenyewe. Dakika 12 ni dakika 12, na katika muda huo kompyuta isiguswe. Meseji ya WhatsApp ikilia, imo kwenye wimbo. Programu ya azana ikifika wakati wake, imo. Zima arifa zote, na programu ya azana ifunge kabla hujaanza. Weka volume ya programu kamili na ushushe usikivu wako kwenye kitufe cha spika zenyewe.

Ukipata ukimya mtupu, angalia kama programu ya muziki imewekwa itoe sauti kwa njia ya WASAPI exclusive au ASIO. Njia hizo huikwepa ile sehemu ambayo Windows huchanganyia, na loopback inachota hapo. Rudisha kwenye DirectSound au shared. Angalia pia kiwango cha kifaa kwenye Properties, Advanced: kikiwa 48,000 na wimbo ni 44,100, Windows itaubadilisha bila kukuuliza. Viweke viwe sawa.

Efekti za dreva zina matatizo yake, kwa kuwa baadhi hukaa baada ya pahali pa kuchotea. Jaribu kwanza kwa sekunde 10 ukiwa umetia mwangwi wa kupindukia. Ukiurudia na mwangwi haumo, utakuwa umeokoa saa nzima. Na kabla ya kudaka nyimbo za watu kwa ajili ya kuuza, mjue kwamba Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003. Kubadilisha ufunguo hakuufanyi wimbo kuwa wako.

Aina ya faili, na umeme

WAV ya kiwango cha CD inakula megabaiti 10.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 12 ni kama 127. MP3 ya 320 kbps ni 2.4 kwa dakika, yaani karibu 29. Fanyeni kazi kwa WAV mpaka mwisho, kisha mgeuze mara moja tu kwenda MP3 kwa ajili ya flashi. MP3 iliyotoka kwenye MP3 iliyotoka kwenye MP3 hupoteza kitu kila hatua, na matoazi na ncha za ganuni ndivyo vinavyotangulia kuchakaa. Redio nyingi za gari husoma MP3 kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 na hazijui FLAC. FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, ambayo ni kama saa 6 na dakika 45 za WAV. Anayeunganisha mchanganyiko wa harusi wa usiku kucha agawe. Na faili jipya lipewe jina jipya, la asili libaki.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, WAV huonekana tupu au ya sekunde sifuri hata kama ukubwa wake ni megabaiti 90. Mara nyingi sauti imo. Kilichokosekana ni urefu, ambao huandikwa kwenye kichwa cha faili wakati wa kulifunga, na programu ikizimika ghafla haupati nafasi hiyo. Fungua Audacity, File, Import, Raw Data. Chagua Signed 16-bit PCM, Little-endian, Stereo, 44100, na kwenye Start offset weka baiti 44, ambao ndio urefu wa kichwa cha kawaida. Wimbo ukitoka kama kelele ya mvua, aina ya biti siyo. Jaribu 32-bit float. Ukitoka mzito na wa polepole, faili lilikuwa la 48,000, rudia kwa namba hiyo. Ukishatoka sawa, uhifadhi upya kama WAV, na sehemu iliyobaki uimalizie kuanzia umeme ulipokatikia.